Ajira kwa Watu Wenye Ulemavu na Wenye Matatizo ya Afya ya Akili

Watahiniwa wengi hupoteza alama katika mada hii kwa kosa moja: wanajibu kana kwamba swali linahusu huruma. Ukiulizwa namna ya kuwawezesha watu wenye ulemavu kupata ajira, jibu la "wapewe misaada" halitoshi. Mada inahusu haki, na jinsi kazi inavyoweza kupangwa ili mwenye uwezo asizuiwe kuifanya.

1. Nani anahusika?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja mambo mawili: hali ya muda mrefu ya mwili, akili au milango ya fahamu, na vikwazo anavyokutana navyo mtu huyo katika jamii. Fundi cherehani anayetumia kiti cha magurudumu anajua kushona. Kinachomzuia ni ngazi za karakana iliyopo ghorofani.

Kumbuka kuwa si kila ulemavu unaonekana kwa macho. Mtu mwenye sonona ya muda mrefu anaweza kuwa katika kundi hili, ingawa anatembea, anaona na anasikia vizuri.

2. Sheria zinasemaje?

(a) Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 22, inatambua haki ya kila mtu kufanya kazi.

(b) Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini, ukiwemo ubaguzi kwa sababu ya ulemavu.

(c) Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuajiri watu wenye ulemavu wenye sifa, wafikie asilimia 3. Kiwanda chenye wafanyakazi 400 kinapaswa kuwa nao 12. Zingatia maneno "wenye sifa": sheria haimlazimishi mwajiri kumchukua asiyeiweza kazi.

(d) Kwa wanaojiajiri, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

3. Msaada kazini

Kuajiriwa ni hatua ya kwanza tu. Mkataba uliotajwa juu, katika Ibara ya 27, unadai pia mahali pa kazi pafanyiwe marekebisho. Kiziwi anahitaji mkalimani wa lugha ya alama kwenye vikao. Asiyeona anahitaji maandishi ya nukta nundu au kompyuta inayosoma kwa sauti. Mwenye ualbino anahitaji kazi ya kivulini.

Kwa afya ya akili, marekebisho mara nyingi hayagharimu fedha nyingi. Chukua mfano wa karani wa ghala aliyelazwa kwa sonona, akapona kiasi cha kurudi kazini. Dawa zake humletea usingizi mzito asubuhi, hivyo anachelewa. Mwajiri wa kwanza anamwita mvivu na kumfukuza: karani anakosa kipato, anashindwa nauli ya kliniki, na ugonjwa unarudi. Mwajiri wa pili anamhamishia zamu ya mchana, anampa ruhusa ya siku za kliniki na kutunza siri yake. Karani ni yuleyule na ugonjwa ni uleule. Kilichobadilika ni mpango wa kazi.

Zingatia: Epuka maneno kama "kichaa" na "asiyejiweza" katika majibu yako. Andika "mtu mwenye tatizo la afya ya akili" na "mtu mwenye ulemavu".

Jipime

1. Kampuni ina wafanyakazi 300. Kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2010, inapaswa kuwa na wafanyakazi wangapi wenye ulemavu?
2. "Ulemavu si kushindwa kufanya kazi." Jadili kwa hoja tano.