Kinga goti la mwenye chukudu

Wandugu, nilisomea agronomia: viazi vya Kirumba vinafika soko juu ya goti la mtu. Kwenye chukudu, goti moja iko juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma. Mteremkoni, freni ni kipande cha mpira nyuma tu.

Kinga nzuri ya goti iko laini ndani, inapunguza pigo; inje iko ngumu, inateleza kwa changarawe bila kukwama. Kuipima: vaa, chuchumaa, simama, tembea. Ikishuka, ni kubwa. Mguu ukifa ganzi, umeikaza sana.

Ukianguka, mikono inatangulia. Kinga na kiwiko pia na kifundo cha mkono. Pesa ikiwa kidogo? Anza na goti: ndilo linalisha nyumba.