USALAMA NA AFYA: Mvuke wa sigareti ya umeme unafika wapi?

Ndugu mfanyakazi, bila shaka umekwisha kuona vijana wenye kifaa kidogo mfano wa kalamu, wanakivuta na kutoa wingu jeupe lenye harufu ya matunda. Labda hata katika ekipi yako mmoja anacho mfukoni. Anakuambia: « Hii ni mvuke wa maji tu, tena mimi najua kuivuta. » Usikubali upesi.

Ndani ya kifaa kile mna betri, waya unaopata moto, na dawa nzito ya majimaji iliyotiwa gliserini, manukato na, mara nyingi, nikotini ile ile ya tumbaku. Wingu unaloliona ni matone madogo sana ya dawa hiyo.

Watu wanalivuta kwa namna tatu. Wa kwanza anajaza kinywa, kisha anatoa. Nikotini inapita polepole katika ngozi ya kinywa. Wa pili anajaza kinywa, halafu anashusha yote kifuani, kama mvutaji wa sigareti. Huyu kwa kawaida anatumia dawa kali. Wa tatu anavuta moja kwa moja hadi mapafuni, kama mtu anayepumua kwa nguvu kupitia bomba pana. Dawa yake ina nikotini kidogo katika kila mililita, lakini anamaliza mililita nyingi. Anajidanganya kwa hesabu! Kifuani nikotini haikawii: katika sekunde 10 hadi 20 imefika kwenye ubongo. Basi kushika pumzi hakuna faida. Kunayapa matone nafasi ya kukaa mapafuni. Na anayetoa kwa pua anaikausha pua yake.

Sasa tufike kazini, maana hapa ndipo penye hatari. Kifaa kina matundu ya kuingiza hewa, na matundu hayo hayana chujio. Hewa inayopita humo ni ile ya mahali unaposimama. Ukishusha maski karibu na mashine ya kutoboa mwamba, unavuta dawa pamoja na vumbi la silika. Chembe zake zilizo chini ya mikroni 5 hazionekani kwa macho, nazo ndizo zinazofika mwisho kabisa wa mapafu na kuleta silikosi, ugonjwa usio na dawa ya kuuponya. Kadiri pumzi ilivyo ndefu, ndivyo zinavyoshuka. Tena nikotini inalegeza vile vinyweleo vinavyofagia vumbi kutoka kifuani.

Usisahau betri. Kobalti yake pengine ilitoka Kolwezi, lakini haikutambui: ikigusana na funguo mfukoni inaweza kuwaka. Isikaribie kabisa baruti wala mafuta.

Na chupa isiyojulikana uiache. Marekani, kufikia Februari 2020, watu zaidi ya 2.800 walikuwa wamelazwa hospitalini au kufa kwa ugonjwa wa mapafu wa wavutaji wa vifaa hivi. Waliokufa walikuwa 68. Wengi walivuta dawa ya bangi iliyochanganywa na mafuta ya vitamini E.

Wewe unayekohoa asubuhi au kukosa pumzi kwenye ngazi, usiseme ni baridi. Nenda kwa munganga, umwambie kazi unayofanya, miaka uliyokaa penye vumbi, na unavuta nini, kwa namna gani.