Binti akianza kurusha softboli, mzazi asikimbilie nguvu

Jamaa zetu walioko Marekani wengi wana mabinti wanaocheza softboli shuleni au mtaani. Mzee aliyezoea kriketi akitazama anashangaa: mpira unarushwa kutoka chini, mkono unazunguka kama gurudumu, kisha mpira unaachiwa karibu na nyonga.

Mchezo huu ulianza Chicago mwaka 1887, tena ndani ya ukumbi. Siku hizi watoto wa miaka 10 kwa kawaida hurusha kutoka futi 35, kwa mpira wenye mzingo wa inchi 11. Wasichana wa sekondari husimama futi 43.

Kosa la wazazi wengi ni kupiga kelele siku ya kwanza, "Tupa kwa nguvu!" Mtoto anajikaza, kiwiko kinakwenda mbali na mwili, na mpira unapita juu ya kichwa cha mdakaji.

Mafunzo huanzia mwisho wa mrusho. Kwanza kifundo cha mkono: asimame hatua chache tu kutoka kwako, ubavu ukikuelekea, ashike mpira kwa vidole, si kwa kiganja, aufyatue. Akizoea, mpe nusu duara, halafu duara zima. Mguu ndio wa mwisho: anayerusha kwa mkono wa kulia anakanyaga mbele kwa mguu wa kushoto, moja kwa moja kuelekea kwa mdakaji. Akikwama, mrudishe hatua moja. Chuoni hakuna anayepewa juzuu kabla hajaijua alifu.

Liko jambo kubwa zaidi. Watu husema kurusha kutoka chini hakuumizi bega. Si kweli. Bega na misuli ya mbele ya mkono hubeba mzigo mkubwa. Besiboli ya watoto ina kikomo cha mirusho kwa siku, lakini kwenye softboli mara nyingi hakuna. Timu ikiwa na mrushaji mmoja hodari, binti huyo huyo atarusha Jumamosi asubuhi, Jumamosi jioni na Jumapili. Kocha anataka kikombe. Bega ni la mwanao. Akisema linauma, apumzike, na maumivu yakiendelea aonwe na daktari. Asiambiwe avumilie.

Nyumbani, dakika 15 mara tatu kwa wiki zinamtosha anayeanza. Pindua ndoo, kaa juu yake, vaa glavu, udake. Maneno yawe machache.