Kabla Hujauza Ekari ya Michungwa Ununue Pikapu ya Dizeli, Soma Hesabu Hii

Leo naomba tuweke pembeni mbolea na viuatilifu, tuongelee gari. Najua wengine mtasema bwana shamba amehama fani, lakini subirini mtaona linavyoingia shambani.

Juzi mzee mmoja wa huku Muheza alinifuata ofisini. Baada ya kumwamkia akaniambia: "Bwana shamba, nimepata mteja wa ile ekari yangu ya michungwa ya bondeni. Nataka niiuze, ninunue pikapu ya dizeli ya zamani, wameniambia milioni 12. Nimechoka kuwapa hela zangu wenye magari kila msimu. Wewe unayo, niambie ukweli, inakula kiasi gani kwa mwaka?"

Swali zuri sana, na wengi hawaulizi. Wanauliza bei ya kununua tu. Nikamwambia, mzee wangu, kaa kwanza nikuletee daftari.

Gari langu ni Hilux ya mwaka 1996, injini ya 3L, ile dizeli ya zamani isiyo na taabo wala kompyuta. Naipenda kwa sababu fundi yeyote wa Korogwe au Pangani anaijua, na spea zake zipo. Lakini injini rahisi kutengeneza haina maana ya gari rahisi kutunza. Tangu lilipowahi kunitia hasara naandika kila shilingi. Mwaka uliopita nilitembea kama kilomita 14,000, lami na vumbi, pamoja na ule mlima wa Amani. Hesabu ilikuwa hivi:

1. Oili na filta: shilingi 410,000. Namwaga oili kila kilomita 5,000, kwa hiyo mara tatu kwa mwaka. Kila mara ni lita sita, filta ya oili na fundi, jumla 105,000. Ongeza filta ya dizeli mara mbili na ya hewa mara moja.

2. Tairi: 360,000. Nilinunua nne kwa 1,080,000 na zinanifikisha miaka mitatu, kwa hiyo nagawa kwa tatu. Mwaka ambao hununui tairi usijidanganye kwamba umepata nafuu. Unazila zile za mwaka jana.

3. Breki, bushi, boljointi na shokapu: 480,000. Hapa ndipo barabara zetu za vumbi zinapodai chao.

4. Umeme: 210,000. Betri inadumu miaka miwili, nusu ya bei yake ni 120,000. Iliyobaki ni starta, altaneta na taa. Dizeli inataka betri yenye nguvu, ikichoka tu asubuhi mtasukuma.

5. Rejeta, mipira ya maji na kuchomelea kutu: 190,000.

6. Bima ndogo ya gari binafsi: 118,000.

7. Akiba ya kazi kubwa: 600,000, yaani 50,000 kila mwezi. Hii ni ya klachi, nozeli, pampu, mkanda wa taimingi, na siku injini itakapofumuliwa.

Jumla ni shilingi 2,368,000, na hapo hujaweka hata tone la mafuta. Dizeli nahesabu kilomita 10 kwa lita, kwa hiyo lita 1,400. Kwa bei ya karibu 3,000 kwa lita ni 4,200,000. Yote kwa pamoja 6,568,000. Ukigawa kwa kilomita 14,000 unapata kama shilingi 470 kwa kila kilomita. Watu wengi wanaona zile 300 za mafuta tu, kwa sababu ndizo wanazolipa wakiwa wameshika usukani.

Mzee akauliza, na ile leseni ya barabara ya kila mwaka je? Nikamkumbusha kwamba ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa kila lita. Kwa hiyo bado tunalipa, ila tunailipia kituoni. Na bei ya kituoni inabadilika: EWURA wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mafuta yanayopokelewa bandari ya Tanga yana bei yake. Ukipanga safari nyingi za msimu, angalia tangazo hilo kwanza.

Sasa hiyo akiba ya namba saba ndiyo wengi wanaifuta. Hata mimi niliifuta. Mwaka mmoja fundi aliniambia mkanda wa taimingi umefika mwisho, kwa injini hizi unabadilishwa kila kilomita 100,000. Alitaka 180,000 pamoja na spea. Ilikuwa Januari, ada za watoto zimenibana, nikasema utavuta hadi Machi. Mwezi wa pili nikabeba miche 300 ya michungwa ya kikundi kimoja, tunaipeleka Handeni. Tulipopita Mkata ukakatika. Kwenye dizeli mkanda ukikatika pistoni zinagonga valvu, hakuna cha kubahatisha. Kuvutwa, silinda hedi, valvu na fundi vilinigharimu milioni 1.9. Miche ilikaa siku mbili juani nikitafuta gari jingine, 70 ikafa. Niliilipa yote, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia watu wa kikundi wasikodi gari, nitawabebea. Aibu ya kumwambia mama aliyechanga elfu kumi kumi kwamba miche yake imekauka, hiyo haipo kwenye daftari.

Basi tukarudi kwenye hesabu ya mzee. Anapeleka machungwa Tanga mjini, kwenda na kurudi kama kilomita 80. Kwa mwaka mzima anafanya safari 40, na kila safari anakodi kwa 50,000. Kwa hiyo anatumia milioni 2.

Akiwa na pikapu yake, safari 40 ni kilomita 3,200. Mafuta ni lita 320, shilingi 960,000. Hapo akatabasamu. Lakini matengenezo hayapungui sawasawa na kilomita. Betri inazeeka hata gari likiwa limelala, bima ni ileile, kutu haingoji msimu, na injini iliyokwishatembea miaka mingi inahitaji akiba ileile. Oili, tairi na breki tu ndiyo vitapungua. Tukapunguza tulichoweza, tukafika milioni 1.6. Jumlisha na mafuta: 2,560,000. Yaani atalipa 560,000 zaidi ya anavyolipa sasa, na ekari ya michungwa haipo tena. Michungwa inazaa kila mwaka. Pikapu ya milioni 12 kila mwaka inashuka bei.

Gari ni kama ng'ombe wa maziwa: anakula hata siku ambayo hakamuliwi. Ukimfuga kwa ajili ya lita mbili za chai, ni bora ununue maziwa.

Je, ni lini inalipa? Kwa kila safari, akiacha kukodi anaokoa 26,000, yaani 50,000 ukitoa mafuta ya 24,000. Ili zile milioni 1.6 zirudi anahitaji safari kama 62 kwa mwaka, na hapo bei ya kununulia haijarudi hata shilingi. Akiwa na safari 100, kwa mfano machungwa katikati ya mwaka, kisha nazi, samadi na mahindi miezi mingine, hapo tunaweza kuzungumza. Ila akianza kubebea watu mizigo kwa malipo ajue ni biashara: kuna leseni ya LATRA na bima ya gari la biashara, navyo viingie kwenye daftari.

Kwa ninyi ambao tayari mnayo, haya ndiyo yanayonipunguzia gharama huku pwani:

Kwanza, chumvi. Kama unakaa Tanga mjini, Pangani au Mkinga karibu na bahari, osha gari chini kwa maji baridi angalau kila wiki mbili, hasa chasisi na mabomba ya breki. Kutu inaanzia usipopaona.

Pili, usijaze rejeta maji ya kisima chenye chumvi. Yanaweka magamba ndani, injini inachemka, hedi inapinda. Tumia maji safi pamoja na kulanti.

Tatu, maji kwenye dizeli. Hewa yetu ina unyevu, na tangi lililo nusu tupu usiku linatengeneza matone. Jaza tangi jioni kabla ya kulilaza gari, na fungulia kile kibirigizi chini ya filta ya dizeli utoe maji mara kwa mara. Dizeli ya kwenye madumu kando ya barabara achana nayo. Unaokoa elfu tano, unaua pampu na nozeli.

Nne, soma moshi. Mweusi: angalia filta ya hewa na nozeli. Wa bluu: injini inakula oili. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto: huenda maji yanaingia ndani au nozeli zimechoka, muone fundi siku hiyohiyo.

Tano, ukiuziwa gari bila kumbukumbu ya mkanda wa taimingi, hesabu kwamba haujabadilishwa. Badilisha kabla hujabeba mzigo wa mtu.

Mzee hakufurahi sana, siwezi kudanganya. Alikaa kimya, akaomba nimwandikie zile namba kwenye karatasi akamwoneshe mwanawe. Jana kanipigia. Ekari hajaiuza. Wamekaa wakulima wanne wa kitongoji chao wenye safari kama zake, wamejumlisha na kupata zaidi ya 150 kwa mwaka, wanataka kuzungumza na mwenye kirikuu mmoja awashushie bei kwa kuwa kazi ni ya uhakika. Wakishindwana naye, wataangalia kununua kwa pamoja. Ameniuliza kama nitawasaidia kukagua gari, nimemwambia nitakuja na fundi wangu.

Na wewe unayefikiria kununua, anza na kuhesabu safari zako za mwaka jana. Ziandike, njoo nazo ofisini Jumanne au Alhamisi asubuhi, tupige hesabu pamoja kabla hujamshika mkono dalali.