Dumuzi: Mgeni Aliyetambuliwa Tabora na Ulinzi wa Ghala la Nyumbani

Njia kuu ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora na kuendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, hukumbukwa zaidi kwa biashara ya pembe za ndovu, watumwa na vitambaa, lakini njia hiyo, kama njia zote za biashara, ilipitisha pia viumbe ambao hakuna mfanyabiashara aliyewaandika katika daftari lake. Funza, yaani kiroboto aingiaye chini ya ngozi ya mguu, alifika Angola mwaka 1872 katika meli iliyotoka Brazili, akaenezwa kuvuka bara na nyayo za wasafiri, na kabla karne ya 19 haijaisha alikuwa amefika pwani ya Afrika Mashariki. Takribani karne moja baada ya funza kuingia Afrika, mkoa wa Tabora ukawa mahali pa kwanza barani kutambuliwa mdudu mwingine kutoka Amerika, ambaye chakula chake si mguu wa mtu bali akiba ya mahindi na makopa ya muhogo: mdudu huyo ni dumuzi.

Mahindi na muhogo wenyewe asili yao ni Amerika, na vilifika Afrika kwa biashara ya baharini kuanzia karne ya 16, ila vilikuja bila dumuzi, ambaye alibaki kwao Meksiko na Amerika ya Kati. Kwa muda wa karne kadhaa, basi, mkulima wa Afrika alihifadhi mahindi akipambana hasa na fukusi, na maghala yake yalijengwa kwa kumkusudia adui huyo. Hali ilibadilika mwishoni mwa miaka ya 1970, wakulima wa Tabora, hasa upande wa Urambo, walipoanza kuona mahindi yao yakigeuka unga ndani ya miezi michache, na mwaka 1981 wataalamu wakathibitisha kuwa mharibifu ni Prostephanus truncatus, ambaye inaaminika aliingia pamoja na mahindi yaliyoagizwa kutoka nje. Wakulima walimpa jina la dumuzi, na wengine wakamwita Scania, jina la malori makubwa ya mizigo. Mwaka 1983 alionekana Taita-Taveta nchini Kenya, mwaka 1984 akapatikana Burundi na pia Togo, upande wa pili wa bara, na tangu hapo ameenea katika nchi nyingi zilizo kusini mwa Sahara.

Namna ya kumtambua

Dumuzi ni mbawakawa mdogo, yaani mdudu mwenye mbawa ngumu za juu zinazofunika mbawa laini za kurukia. Urefu wake ni milimita 3 hadi 4.5, rangi yake ni ya kahawia iliyokoza inayoelekea weusi, na umbo lake ni la mviringo mrefu kama kipande cha kijiti. Kichwa chake kimeinamia chini ya kifua, hivi kwamba mtu akimtazama kutoka juu hawezi kukiona. Alama iliyo wazi kuliko zote iko nyuma, ambako mwili hauishii kwa mchongoko wala kwa duara bali umeteremka ghafla kama uliokatwa kwa kisu, na ndiyo maana wataalamu walimpa jina la truncatus, neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichokatwa.

Alama hizo humtofautisha na wadudu wawili ambao mara nyingi hupatikana naye katika gunia moja. Wa kwanza ni fukusi, ambaye hujulikana upesi kwa mdomo wake mrefu mwembamba uliotokeza mbele mithili ya mkonga. Wa pili ni ndugu yake mdogo wa jamii ileile ya watoboaji, mwenye urefu wa milimita 2 hadi 3, ambaye sehemu yake ya nyuma ni ya duara. Hata mtu asiyemwona mdudu mwenyewe anaweza kumtambua kwa kazi yake, kwa kuwa dumuzi hutoboa matundu safi ya duara katika punje, akapita hadi kwenye gunzi, na kuacha unga mwingi kupita kiasi ambacho fukusi angeweza kuacha. Unga huo ukionekana sakafuni chini ya kihenge au ukitoka kwenye mishono ya gunia, uharibifu umekwisha kushika kasi.

Kwa nini anaharibu sana

Jike hutaga mayai katika vijumba anavyovichimba pembeni mwa handaki lake ndani ya punje, na mabuu, yaani watoto wa mdudu kabla hawajapata mbawa, hukua wakila unga uliochimbwa. Katika joto la nyuzi 32 na hewa yenye unyevu wa kutosha, safari ya kutoka yai hadi mdudu kamili haizidi mwezi mmoja kwa kawaida, kwa hiyo vizazi kadhaa hupita kati ya mavuno na msimu wa kupanda. Uchunguzi uliofanywa Tanzania katika miaka ya 1980 ulionyesha kuwa mahindi yaliyohifadhiwa kwa miezi 3 hadi 6 yanaweza, hali ikiwa mbaya, kupoteza theluthi moja ya uzito wake, na makopa ya muhogo hupoteza zaidi ya hapo. Kwa kaya inayotegemea kihenge kimoja hadi mavuno yajayo, hasara ya namna hiyo ni njaa kamili, na kwa sababu hiyo suala la dumuzi haliwezi kuachiwa wataalamu peke yao.

Ugumu wa pili ni kwamba dumuzi hategemei nafaka tu, kwani hutoboa na kuishi katika mbao na miti mikavu, na Tabora imezungukwa na misitu ya miombo. Kumfuta kabisa, kwa hiyo, si jambo linalowezekana: anayefyekwa ghalani huweza kufuatwa na mwingine anayeruka kutoka porini wakati wa machweo. Aidha, dume akipata chakula hutoa harufu maalumu ya kuwaita wenzake, wa kike na wa kiume, na hivyo punje chache zilizoshambuliwa huwa mwaliko kwa kundi zima.

Ulinzi wa nyumbani

Jambo la kwanza ambalo dumuzi alilibadilisha ni desturi ya kuhifadhi mahindi yakiwa bado kwenye magunzi. Desturi hiyo ilikuwa na hekima yake, kwa sababu maganda yaliyofunga vizuri yalimzuia fukusi, lakini kwa dumuzi ni msaada, maana punje iliyoshikwa imara na gunzi humpa mahali pa kujikaza anapotoboa, ilhali punje iliyo huru huteleza na kumchosha. Kupukuchua mapema, mara mahindi yanapokauka, na kuyapepeta ili kuondoa punje zilizotobolewa, ni hatua isiyohitaji fedha nyingi na yenye faida kubwa.

Hatua ya pili ni kuvuna bila kuchelewa na kukausha juu ya turubai hadi unyevu ufikie asilimia 13 au chini yake. Asiye na kipimo anaweza kuchukua chupa ya kioo iliyo kavu, akatia punje pamoja na chumvi kavu, akatikisa kwa dakika chache, na chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa ajue kuwa mahindi hayajakauka. Ukavu huo haumuui dumuzi, ambaye huweza kuzaana hata katika punje kavu sana, bali huzuia ukungu na sumukuvu, yaani sumu inayozalishwa na ukungu, na ndio msingi wa hatua zinazofuata.

Hatua ya tatu ni usafi wa ghala. Masalia ya mwaka uliopita yaondolewe, nguzo na fito zilizotobolewa zichomwe moto, na magunia ya zamani yakaguliwe pamoja na mishono yake, kwa sababu huko ndiko dumuzi husubiri mavuno mapya.

Hatua ya nne ni ama kufungia ama kutia dawa. Mfuko usiopitisha hewa, kama ule wa PICS wenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya mmoja uliofumwa, huwafanya wadudu waliomo watumie oksijeni yote iliyobaki na kufa bila dawa yoyote, mradi mfuko uwe mzima, ujazwe vizuri, hewa ikamuliwe, na usifunguliwe mara kwa mara. Anayechagua dawa ya unga afahamu kwamba kiuatilifu kinachomwua fukusi kilionekana kuwa dhaifu kwa dumuzi, na kinachomwua dumuzi hakikumtosha fukusi, ndiyo maana ilitengenezwa dawa ya mchanganyiko wa viini viwili, pirimifosi-methili na permetrini. Dawa hiyo ichanganywe na punje zilizopukuchuliwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na dawa za shambani zisitumike kamwe kwenye chakula. Vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini ni kazi ya wataalamu wenye kibali, kwani gesi hiyo huua watu waliolala katika nyumba yenye magunia.

Pamoja na hayo, watafiti walimleta Afrika adui wa asili wa dumuzi kutoka Amerika ya Kati, mbawakawa aitwaye Teretrius nigrescens, ambaye huifuata harufu ileile ya dume na kula mayai na mabuu. Aliachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992, na amesaidia kupunguza idadi ya dumuzi katika baadhi ya maeneo, lakini hakuna mahali alipomwondolea mkulima wajibu wa kulinda ghala lake.

Historia ya dumuzi inafundisha kwamba gunia linalosafiri bila kukaguliwa ndilo msafara wa leo, na kwamba mlango wa mwisho wa kumzuia mgeni wa namna hii haupo bandarini wala stesheni, bali uko katika kihenge cha kila nyumba. Kaya inayokagua akiba yake kila baada ya wiki mbili, bila kufungua mifuko isiyopitisha hewa, ikatambua unga wa kwanza na kuchukua hatua siku hiyohiyo, huokoa chakula chake na pia humkinga jirani, kwani dumuzi aliyezaliana katika ghala moja halazimiki kubaki humo. Wahenga walisema akiba haiozi. Tangu dumuzi afike Tabora, kauli hiyo inatimia kwa yule tu anayeilinda akiba yake.