Mtakatifu, Jiwe na Udongo: Visakale vya Magofu ya Ayalandi

Mabonde ya Ayalandi yametapakaa magofu ya monasteri, yaani makao ya watawa wa Kikristo, ambazo baadhi ziliasisiwa karne ya 6, na nyingi zilivunjwa kwa amri ya Mfalme Henry wa 8 wa Uingereza kuanzia miaka ya 1530. Watawa walipoondoka, kumbukumbu zao zilibaki kwa wakulima na wachungaji wa jirani, waliozihifadhi kwa njia ya visakale, yaani masimulizi ya kale kuhusu watu na mahali halisi, ambayo aghalabu hujishikiza kwenye kitu kinachoweza kuguswa kwa mkono.

Huko Glendalough, katika kaunti ya Wicklow, ambako Mtakatifu Kevin alianzisha monasteri yake, lipo jiwe lenye shimo la mviringo mfano wa kinu. Husimuliwa kwamba mke wa fundi mmoja alifariki akijifungua mapacha, na Kevin alipoomba, paa jike akawa anakuja kila siku kumimina maziwa yake ndani ya shimo hilo hadi watoto wakapata nguvu. Wanaakiolojia huliweka jiwe hilo katika kundi la mawe ambayo huenda yalitumika kutwangia nafaka, dawa au madini, na ambayo maji ya mvua yanayotuama ndani yake yaliaminiwa kuponya chunjua. Maelezo hayo hayakibatilishi kisa, kwani kama ni nafaka iliyotwangwa humo, basi msimulizi alikuwa ameona sawasawa kwamba jiwe lile lililisha watu.

Huko Clonmacnoise, kando ya mto Shannon, imani ilizaa tendo: wakulima walichota udongo katika kikanisa kinachoaminiwa kuwa na kaburi la Mtakatifu Ciarán, mwasisi wa monasteri ya hapo, wakauweka kwenye pembe za mashamba ili kukinga mazao na mifugo, hata sakafu yake ikawa chini kuliko ardhi ya nje.

Kuchukua mawe, hata hivyo, kulikuwa jambo jingine. Kati ya mwaka 1937 na 1939, wanafunzi wa shule za msingi walipotumwa kuandika masimulizi ya wazee wao, yalikusanywa pia maonyo kuhusu misiba iliyowapata waliobomoa kuta takatifu. Na kwa kuwa jiwe lililokwisha kuchongwa lilikuwa mali kwa kila aliyejenga zizi, yaelekea hofu hiyo ndiyo iliyookoa kuta nyingi kabla ya sheria ya mwaka 1869 kuanza kuyakabidhi magofu ya makanisa kwa serikali.