Tiba Isiyomlazimisha Mwanamke Kusimulia

Mwanamke anayeketi mbele ya mtaalamu wa tiba hii hatakiwi kueleza kwa urefu yaliyompata. Anaombwa alete akilini picha moja, ile inayomtesa kuliko zote, pamoja na neno baya analojiambia kila picha hiyo inapomjia, na ataje mahali mwilini panapobana. Kisha mtaalamu hupitisha vidole mbele ya uso wake, kushoto na kulia, naye huvifuata kwa macho bila kugeuza kichwa, kwa nusu dakika hivi. Wanapumzika. Anaulizwa kimeibuka nini, anajibu kwa maneno machache, na vidole vinaanza tena. Mara kwa mara anakadiria uchungu wake kati ya 0 na 10, na kazi huendelea mpaka namba hiyo ishuke. Tiba hii, inayojulikana kwa herufi EMDR, ilibuniwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro. Mwaka 1987 aligundua kwamba mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yalipoteza makali wakati macho yake yakienda huku na huku, na mwaka 1989 akachapisha utafiti wake wa kwanza, wa watu 22. Wanasayansi wengi waliona ni mazingaombwe. Hata hivyo, mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliitaja miongoni mwa tiba chache linazozipendekeza kwa watu wazima wenye kiwewe.

Ubishi mkubwa umekuwa juu ya vidole. Richard McNally wa Chuo Kikuu cha Harvard alidai kwamba kinachoponya hapa ni kitu cha zamani, yaani mgonjwa kukabiliana na kumbukumbu yake mahali salama, na kwamba macho ni pambo tu. Uchambuzi wa mwaka 2001 ulielekea kumuunga mkono. Ule wa mwaka 2013, uliokusanya tafiti 26, ukaona kinyume: waliosogeza macho walipata nafuu zaidi ya waliokumbuka bila kuyasogeza. Maelezo yanayonishawishi kuliko mengine ni haya. Sehemu ya akili inayoshikilia mambo ya papo hapo ina nafasi finyu. Mtu akikumbuka tukio huku akifuata kitu kinachokwenda, kazi hizo mbili hugombania nafasi, na picha hufifia. Ndiyo maana katika maabara hata kuhesabu kurudi nyuma huidhoofisha kumbukumbu, ilhali milio ya kusikiliza tu, isiyoishughulisha sana akili, hufanya hivyo kwa kiasi kidogo. Mwaka 2019 watafiti wa Korea Kusini walionyesha kwamba taa inayosogea kushoto na kulia hupunguza woga uliofundishwa kwa panya, ingawa panya hana aibu wala majirani, kwa hiyo sitamtegemea sana. Macho, basi, yana kazi, lakini si ufunguo pekee.

Wanaobishana kuhusu vidole, kwa maoni yangu, wamepita pembeni ya jambo lenye uzito zaidi kwa mahali kama Goweko. Hapa ni stesheni ya reli ya kati katika wilaya ya Uyui, mashariki ya Tabora, katika nchi iliyopitiwa na misafara ya zamani. Katika vijiji vya aina hii, anayesikiliza siri ya mwanamke huenda ni wifi wa jirani yake. Na kuna siri zinazowagusa wengi. Mwezi Julai 2017, katika kijiji cha Uchama, Nzega, mkoa huohuo wa Tabora, wanawake watano waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma za uchawi. Magharibi ya Tanzania vikongwe wameandamwa kwa miaka mingi hata kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya moshi wa jikoni. Binti aliyeona mama yake akifanyiwa hivyo atamsimulia nani, ikiwa baadhi ya waliokuwepo bado huchota maji kisima kimoja naye? Tiba nyingine nzuri za kiwewe humtaka mgonjwa asimulie maisha yake hatua kwa hatua, mengine hata yaandikwe. Tiba ya macho humwachia mwanamke picha yake. Anaweza kupona bila mtu yeyote kujua kwa undani alichokiona, na kwa kijiji faida hiyo naiona kubwa kuliko vidole vyenyewe.

Atajitokeza wa kusema kwamba hiyo ni tiba ya miji yenye wataalamu, na kwamba kutoka Goweko hadi hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, ni safari ya zaidi ya kilomita 300. Hoja hii ina nguvu, ila Afrika Mashariki yenyewe imeijibu kwa sehemu. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi waliofunzwa kwa wiki sita waliwahudumia wenzao kutoka Rwanda na Somalia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, ya watu 277, yalionyesha nafuu kubwa. Mashariki ya Kongo, utafiti wa mwaka 2013 uliwahusu wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono. Miezi sita baada ya tiba ya vikundi, iliyoendeshwa na wasaidizi wa hukohuko, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9, dhidi ya asilimia 42 kwa wale waliopewa msaada wa mmoja mmoja. Tiba hizo mbili hazikuwa EMDR, na sitaki kuuza mbuzi kwenye gunia. Zimethibitisha tu kwamba mtu asiye daktari, akifunzwa na kusimamiwa vizuri, anaweza kushika kiwewe cha mwenzake. Kupitisha vidole ni kazi ya dakika moja kujifunza. Kazi ngumu ni kumwandaa mwanamke kabla hajagusa picha ile, na kumtuliza akizidiwa. Bila msimamizi wa kumpigia simu siku hiyo, ningependa isijaribiwe kabisa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wanawake wengi yanayowatesa hayajapita. Anayepigwa jana na leo hana kumbukumbu ya kufifisha, ana hatari ya kuiepuka, na kwake Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hutangulia vidole. Nakubali, ila kwa nusu. Jijini Nairobi, wanawake 421 waliowahi kufanyiwa ukatili wa kijinsia walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Waliopewa vikao vitano na wahudumu wa afya ya jamii, vilivyohusu matatizo ya kila siku na namna ya kutuliza mwili, walipungukiwa na dhiki kuliko wenzao, na kumbukumbu zao hazikufukuliwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutenganisha: nani yumo hatarini sasa, nani anasumbuliwa na jana. Kwa kundi la pili, Tabora ingefaa kwa jaribio ambalo tafiti nilizozitaja hazikulifanya: wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafunzwe tiba inayotaka masimulizi na ile isiyoyataka, wanawake wachague wenyewe, kisha ihesabiwe ni wangapi wa kila upande waliorudi kwenye kikao cha pili.